Saa Tisa ya Usiku Iliyopotea Wodini

Vijana wangu, kila ninapokutana nanyi siku hizi mnaniuliza swali moja: Bi Zuwena, kazi ya kompyuta umeifanya miaka yote hiyo, tuanze na lugha gani ya programu? Nami huwajibu kwamba lugha zitabadilika, na hiyo mnayoipenda leo watoto wenu wataicheka. Niulizeni jambo la maana. Niulizeni nini cha kufanya mnapofika kazini asubuhi, chai haijapoa, na mashine imewajazia kioo maandishi mekundu na kukataa kuijenga programu ambayo jana ilikuwa nzima. Hilo ninalo jibu lake, na sikulipata kwenye kitabu.

Kwa wale ambao hawajaanza, nieleze kidogo. Sisi huandika maelekezo kwa maneno na alama, na mashine haiyaelewi hivyo hivyo yalivyo. Kuna programu nyingine, inaitwa kompaila, inayoyasoma tuliyoandika mstari kwa mstari na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kujenga. Kompaila ikikuta kosa, husimama. Ikikuta jambo la kutilia shaka tu, hutoa onyo na kuendelea na safari yake. Na kwa kuwa inaendelea, watu wengi hawalisomi lile onyo. Wanaliona linapita kiooni, wanakunywa chai.

Mimi nilifundishwa kuyasoma na Maalim Haroub. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajaingia kwenye kompyuta, na tabia za darasani hazikumtoka mpaka anastaafu. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Kiponda, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, katika nyumba ya kizamani ambayo kuta zake hulowa wakati wa masika. Kila jioni kabla ya kufunga tulizifunika kompyuta kwa kanga kuukuu zisipate unyevu, na mgeni akiingia asubuhi na mapema angedhani amekuta wagonjwa wamelala.

Maalim alizipanga mashine zote za ofisi ziwe kali. Onyo lolote, hata likiwa dogo vipi, lihesabiwe kosa, na ujenzi uvunjike. Siku zangu za mwanzo nilidhani ananionea. Programu yangu ilikuwa inafanya kazi, mimi mwenyewe nimeiona, na bado mashine inanigomea kwa jambo dogo. Nikaenda mezani kwake kumwomba alegeze. Aliniambia nilisome lile onyo kwa sauti, kisha nimweleze linasema nini kama ninavyomweleza mama yangu jikoni. Nikaanza na maneno ya Kizungu ya vitabuni. Akanikatiza, akaniuliza kama mama yangu anayajua maneno hayo. Nikanuna. Nikaanza upya: linasema nimetenga kisahani cha kuwekea kitu, sikuweka kitu, na sasa nataka kuwagawia watu kilichomo. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu mwenyewe nilicheka, nikarudi kutengeneza bila ya kuambiwa.

Hiyo ndiyo ikawa sheria ya ofisi yetu, na ndiyo ninayowapa nyinyi. Usiliguse onyo mpaka umelisoma kwa sauti na kulieleza kwa maneno ya nyumbani. Mnaweza kunicheka. Nimeona watu wenye shahada mbili wakibadilisha hiki na kile, wakijaribu tena na tena, mpaka mashine inyamaze, na ukiwauliza ilikuwa inalalamikia nini hawajui.

Na ukikuta kioo kimejaa, usianzie la mwisho kwa sababu tu ndilo lililo mbele ya macho yako. Panda juu kabisa, ulitafute la kwanza. Mara nyingi la kwanza ndilo mama na yanayofuata ni wanawe. Ukimtuliza mama, nusu ya kilio imekwisha. Tengeneza moja, jenga tena, tazama. Ukitengeneza kumi kwa pamoja halafu likazuka jipya, hutojua limetoka wapi. Ni kama kuchagua mchele kwenye sinia, unakaa chini na unaitazama kila punje. Na ikibidi kulinyamazisha onyo, kwani yapo yanayokosea kama watu wanavyokosea, linyamazishe hilo hilo, kwenye mstari huo huo, na uandike pembeni kwa nini umefanya hivyo. Andika na jina lako, ili mtu ajue nani wa kumuuliza.

Nassir alikuja kwetu baada ya Maalim kustaafu na mimi kukalia kiti chake. Kijana wa Mbweni, mwembamba, mcheshi, na mikono yake ilikuwa na kasi ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwengine. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hapendi kelele. Kompaila ikimpigia kelele, anachotafuta ni njia ya karibu kabisa ya kuifunga mdomo.

Tulikuwa na programu ya mapokezi ya hoteli moja ndogo huko Paje, wanakofikia watalii wa kuteleza baharini kwa tiara, vile vishada vikubwa. Onyo likamwambia Nassir: kuna namba umeiandika humu na huitumii popote. Mtu mwengine angeifuta ile namba, mambo yakaisha. Yeye akaiambia programu iichapishe. Ikishachapishwa imetumika, na kweli onyo likanyamaza. Basi tangu siku hiyo kila mgeni aliyepewa karatasi ya chumba chake alikuta chini ya jina lake namba saba, imekaa peke yake, haina maelezo. Wageni wakawa wanauliza. Binti wa mapokezi hakutaka kuonekana hajui, akawa anawaambia ni idadi ya mawimbi mazuri yanayotarajiwa siku hiyo. Tulikuja kugundua pale mgeni mmoja alipolalamika kwamba amekaa ufukweni tangu asubuhi na amepata manne tu.

Tulicheka sana ofisini, na Nassir alicheka kuliko sisi. Lakini nilimwambia kwamba siku moja namba kama hiyo itaangukia mahali ambapo hapachekeshi. Akasema sawa, Bi Zuwena. Alikuwa ana adabu sana, na hakunisikia hata kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na hospitali moja ya shamba, nje ya mji, upande wa kaskazini, yenye wodi ya watoto wachanga. Mkuu wa wodi hiyo alikuwa Bi Saada, muuguzi mwenye asili ya Tumbatu, mtu asiyependa maneno mengi na asiyesahau kitu. Kwenye ukuta wa wodi alikuwa na ubao mkubwa mweupe. Kila mtoto ana mstari wake: mtoto wa fulani, dawa gani, saa ngapi. Ubao ulimsaidia miaka mingi, lakini ulikuwa unamchosha pia. Mtu akipita akiugusa kwa bega, dozi ya mtoto imefutika. Ofisi yetu ikapewa kazi ya kumtengenezea kioo kikubwa cha ukutani kitakachoonesha yale yale, kikijisogeza chenyewe kwa saa, na dozi iliyofika wakati wake iwe juu kabisa. Ukuta ulikuwa na nafasi ya kimoja tu. Siku kioo kinapopanda, ubao unashuka.

Bi Saada alitoa sharti moja. Saa ziwe zetu. Mashine huanza kuhesabu saa usiku wa manane, sisi huanza jua linapotoka na linapotua. Mashine ikisema saa kumi na tano, muuguzi aliyechoka anatakiwa akae apige hesabu kichwani kwamba hiyo ni saa tisa ya mchana, na Bi Saada hakutaka hesabu yoyote ipigwe mbele ya sindano. Aliwahi kuona wodi nyingine wauguzi wamebandika vipande vya karatasi pembeni mwa kompyuta ili wajikumbushe. Nilimwelewa mara moja.

Bahati nzuri Maalim Haroub alikuwa ameshaandika zamani kipande cha kugeuza saa. Hesabu yake ni nyepesi na nataka muifuate, kwa kuwa jambo zima liko hapo. Chukua saa ya mashine, toa sita. Mashine ikisema nane, toa sita, unapata saa mbili ya asubuhi. Lakini mashine ikisema tatu, yaani kabla ya alfajiri, ukitoa sita unashuka chini ya sifuri, unapata hasi tatu. Ndipo Maalim akaweka sharti: ikiwa jibu limeshuka chini ya sifuri, ongeza kumi na mbili. Hasi tatu ukiongeza kumi na mbili unapata tisa. Saa tisa ya usiku. Jioni, jibu likizidi kumi na mbili, anatoa kumi na mbili, na sifuri anaisoma kumi na mbili. Kipande hicho kilikuwa na miaka mingi, na hakikuwahi kutupa tabu.

Tulikwenda na Nassir kukijaribu kioo wodini, kikiwa juu ya meza, asubuhi, na tukakaa mpaka baada ya adhuhuri. Mstari mmoja ulikuwa wa mtoto wa Mwatima. Mtoto wa kike, amezaliwa kabla ya wakati wake, mkono wake mzima ulikuwa hauzidi kidole changu. Alikuwa na maambukizi na sindano yake ilikuwa mara mbili, saa tisa mchana na saa tisa usiku. Mama yake alikuwa amekaa kitandani akikitazama kile kioo kama kinachomhusu yeye peke yake. Ilipofika saa tisa mchana, jina likapanda juu, rangi ikabadilika, muuguzi wa zamu akaja na sindano. Mwatima akatuangalia, akatabasamu. Nassir njia nzima ya kurudi mjini alikuwa anapiga mluzi.

Ikapangwa Jumatatu ya wiki inayofuata ndiyo siku ya kukabidhi. Mkubwa wetu wa ofisi akaalika wageni. Na katikati ya wiki tuliyokuwemo ndipo tulipoletewa kompyuta mpya ya kujengea, yenye kompaila mpya, kali kuliko ile ya zamani, inayoona mambo ambayo ya zamani ilikuwa haiyaoni. Alhamisi asubuhi tukaijaribu, na kila kitu kikavunjika. Programu ya wodini, ya duka la dawa, ya mapokezi, zote. Kioo kilikuwa chekundu mpaka chini.

Nassir alishaweka jibu tayari. Aligeuza kiti chake akanitazama kwa upole, kama mtu anayembembeleza shangazi yake.

"Bi Zuwena, haya maonyo tu. Programu yenyewe inakwenda, siye wenyewe tumeiona. Nnaweka neno moja kwenye mipangilio, yasihesabiwe makosa, tunajenga, tunapeleka. Wiki ijayo nnakaa nayatengeneza yote kwa utulivu."

"Wiki ijayo hiyo nnaisubiri tangu nlipoanza kazi," nilimwambia. "Haijafika hata mara moja."

Mkubwa wetu alipochungulia mlangoni na kuusikia mjadala, alikuwa upande wa Nassir, na simlaumu. Wageni wameshaalikwa, na sisi tunamwambia habari za maonyo ambayo jana hayakuwapo. Niliwaambia wote wawili kwamba programu nyingine zitasubiri, lakini ya wodini tutaisafisha onyo kwa onyo, kwa sauti. Mkubwa akatikisa kichwa, akaondoka. Nassir akavuta kiti kwa kishindo. Nilijua amenikasirikia, na mimi siku hiyo nilikuwa mkali zaidi ya ilivyonipasa, kwa sababu mwenyewe sikuwa na uhakika kama nina sababu ya maana au nimezoea tu kumtii Maalim.

Alhamisi yote na Ijumaa mpaka watu walipoondoka kwenda kusali, hatukupata chochote cha haja. Maonyo yalikuwa ya kijinga kwelikweli. Jina limeandikwa mara mbili. Kitu kimeachwa bila kutumiwa. Njia ya kizamani, kompaila inapendekeza mpya. Nassir anasoma kwa sauti kavu, anaeleza, anatengeneza, anajenga tena, na kila baada ya muda ananitazama kwa jicho la pembeni. Ningekuwa mimi ni yeye ningenitazama hivyo hivyo.

Jumamosi asubuhi tulikuwa peke yetu ofisini. Nimekwenda kumimina chai, nikamsikia anasoma jengine, halafu akarudia kulisoma tangu mwanzo. Nikamwuliza linasema nini.

"Linasema ulinganisho huu ni uongo siku zote."

"Mamako hajaelewa."

Akapumua kwa nguvu. "Linasema hapa tumeuliza swali ambalo jibu lake ni hapana, leo, kesho na milele."

"Swali gani?"

Akashusha kidole kwenye kioo. "Tumeuliza kama saa imeshuka chini ya sifuri. Ikishuka, tuongeze kumi na mbili."

Kikombe changu nilikiweka chini. Kile kilikuwa kipande cha Maalim, na Maalim hakuuliza swali la bure. Nikamwuliza Nassir kwa nini saa isishuke chini ya sifuri. Akapanda juu mistari michache, na nikaona mgongo wake unanyooka taratibu.

"Kwa sababu namba hii haijui hasi," alisema. "Nlibadilisha mimi. Mwezi uliopita kompaila ya zamani ililalamika kuwa nnalinganisha namba inayojua hasi na isiyojua. Nikazifanya zote zisijue. Likanyamaza."

Nieleze hilo kwa maneno ya jikoni. Katika mashine kuna namba zinazoweza kushuka chini ya sifuri na kuna namba zisizoweza. Ile isiyoweza, ukiilazimisha ishuke, haikwambii kuwa imeshindwa. Inazunguka kwa nyuma na kutokea upande wa pili, huko kwenye mabilioni. Kwa hiyo tatu ukitoa sita hupati hasi tatu tena, unapata namba kubwa isiyo na maana. Sharti la Maalim linasubiri namba iliyo chini ya sifuri, na namba hiyo haiji kamwe. Na ndilo ambalo kompaila mpya ilikuwa inatwambia kwa mstari mmoja, na kompaila ya zamani haikuwa imefundishwa kuliona.

Nassir mwenyewe alikwenda kwenye mashine ya zamani, ambayo bado ilikuwa na ile programu tuliyoijaribu wodini na majina ya watoto wote. Akaipeleka saa ya mashine mbele mpaka tatu, kabla ya alfajiri. Tukasimama wote wawili kukitazama kioo.

Kilikuwa safi. Mtoto wa Mwatima hayupo. Hakuna saa ya mabilioni, hakuna takataka, kwa sababu kila mstari hupimwa kwa saa ya sasa, na sisi wenyewe tuliandika kwamba mstari wowote wenye saa isiyoeleweka ufichwe, ili kioo kisimtie muuguzi wasiwasi. Kioo kizima kilikuwa na maneno matatu tu, kwa rangi ya kijani, mazuri kabisa: HAKUNA DOZI SASA.

Tulijaribu saa sita ya usiku, hakuna dozi. Saa saba, saa nane, mpaka saa kumi na moja ya alfajiri, hakuna dozi. Kuanzia saa kumi na mbili mambo yanarudi sawa, na kila mtu anayekuja kukitazama mchana angekisifu. Ofisi yetu hufungwa jioni. Tulikijaribu mchana, kwa watu wa zamu ya mchana. Na Jumatatu ubao wa Bi Saada ulikuwa unashuka.

Nassir alikaa chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba si tumeshaliona, basi tulitengeneze na tunyamaze, kwani Bi Saada akijua hatokitaka kioo tena, na kazi ya miezi yote itakuwa imekwenda na maji. Nilimwelewa. Hata mkubwa wetu nilipompigia simu alisema hayo hayo, tena kwa maneno makali. Na mimi mwenyewe, wanangu, nilitaka sana kunyamaza. Lakini nilimfikiria muuguzi wa zamu ya usiku, anakitazama kioo cha kijani, anakiamini kwa sababu mimi nilimwambia akiamini. Kama hajui mahali kinapoweza kudanganya, atajuaje kukishtukia? Nikamwambia Nassir avae viatu, tunakwenda shamba.

Alitengeneza kabla hatujatoka. Ilimchukua muda mfupi tu, kuirudisha namba iwe ile inayojua hasi, na safari hii kulitengeneza lile onyo la mwezi uliopita kwa njia yake, kwa kulielewa. Kisha akaongeza jambo ambalo sikumwambia. Alikitoa kile kipande cha kuficha mistari isiyoeleweka, akaweka badala yake kwamba mstari wowote ambao programu haijauelewa upande juu kabisa, kwa rangi nyekundu. Ikajengeka bila ya onyo hata moja.

Tulimkuta Bi Saada anakunja vitambaa vya watoto. Nilimwamkia, na nikamwambia huyu kijana ana neno lake. Nassir alieleza yote, kwa maneno ya nyumbani, bila ya kujitetea. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Bi Saada hakuacha kukunja mpaka mwisho.

"We ndo ulolitia?" aliuliza.

"Naam. Mimi."

"Na nani aloliona?"

"Kompaila iliona. Mimi nlilisoma tu."

"Na usingelisoma?"

Nassir aliinua macho akautazama ubao ukutani. Bi Saada akaweka kitambaa juu ya vingine, akaenda akamtazama mtoto wa Mwatima, akamfunika vizuri, akarudi.

"Basi nioneshe saa tisa," alisema.

Akatuweka pale mpaka alasiri. Saa moja baada ya nyingine, usiku mzima tuliupitisha mchana kweupe, Nassir anaisogeza saa ya mashine na Bi Saada anasoma kutoka kwenye ubao wake, jina kwa jina. Kila mtoto alikuwa mahali pake. Alipomaliza hakusema kwamba ameridhika. Alisema kioo kipande Jumatatu kama ilivyopangwa, lakini ubao ukae juu ya kiti chini yake, na usiku wa kwanza zamu atakaa yeye mwenyewe.

Jumatatu wageni walikuja, wakapiga picha, wakauliza ule ubao juu ya kiti ni wa nini. Mkubwa wetu alinikata jicho. Nassir ndiye aliyewajibu, akasema ni wa kuhakikisha, na wageni wakaandika jambo hilo kwa furaha kana kwamba lilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo.

Usiku ule sikulala vizuri, na sidhani kama yeye alilala. Jumanne nilifika ofisini mapema, nikamkuta ameshafika, kanga zimeshatolewa juu ya kompyuta na kukunjwa. Simu ilipolia aliitazama, akanitazama mimi. Nikamwambia apokee yeye.

Aliweka sauti ili na mimi nisikie. Bi Saada alikuwa amechoka, maneno yake yanavutana.

"Saa tisa imeonekana," alisema. "Na nane, na kumi. Mtoto wa Mwatima kachomwa sindano yake kwa wakati. Asubuhi hii kanyonya mwenyewe, bila ya kijiko. Mamake kaniambia nkwambieni."

Nassir alisema alhamdulillahi, akakata simu, akaufunika uso wake kwa viganja vyote viwili. Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, na sikuona haja ya kujificha. Nilimwambia anaweza kwenda nyumbani akapumzike, leo hapana kazi ya lazima.

Hakuondoka. Alipangusa uso kwa mkono wa shati, akavuta kiti kwenye mashine mpya, akafungua programu ya duka la dawa, ambayo bado ilikuwa imevunjika tangu Alhamisi. Kioo kikajaa wekundu mpaka chini. Akapanda juu kabisa, akalitafuta la kwanza, na kabla sijamwambia chochote nikamsikia anaanza kulisoma kwa sauti.